Nyambizi ya Bwawa la Matofali

Jumapili, 2 Septemba 1956
Tusajigwe amesema atanijibu Jumapili ijayo: mimi au Eliezeri. Wiki nzima! Nitaishije? Eliezeri ana baiskeli mpya, kengele yake inasikika mpaka Tukuyu. Mimi nina pipa. Lakini gazeti nililofungiwa chumvi kule Mbeya lina picha ya nyambizi, na maelezo yake yote. Basi nitatengeneza nyambizi. Baiskeli kila mtu anayo. Nani katika milima hii amewahi kuchumbia kutoka chini ya maji?

Jumanne, 4 Septemba
Kazi imeanza. Mimi ndani ya pipa, madebe mawili ubavuni. Ukiyajaza maji, chombo kinazama. Ukisukuma hewa humo, maji yanatoka, chombo kinaibuka. Kazi ndogo! Hewa itatoka kwenye pampu ya baiskeli. Nimeazima ya Eliezeri, bila kumwambia.
Shemeji Damari, mke wa kaka, alikuja kunicheka. Mara baba akakohoa nyuma ya nyumba. Shemeji akatupa kikapu, akakimbilia migombani, uso ndani ya khanga. Ndivyo kwetu: mkamwana haonani na baba mkwe wake hata kwa bahati mbaya. Kanikanyagia mapezi ya mbao ya kuongozea chombo, yote mawili! Mila nzuri, lakini inaharibu vifaa.

Alhamisi, 6 Septemba
Jaribio bwawani, pale wanapochimba udongo wa matofali. Nilipakia mawe mbele. Pua ikazama, mkia juu, kama bata anayetafuta chakula. Nikayahamishia nyuma. Mkia ukazama. Eliezeri akapita, akapiga kengele, akauliza kama natengeneza pombe. Mpuuzi!
Jioni nikapatia. Mawe katikati. Chombo kikivutwa kwa kamba, mapezi ya nyuma yakiinama pua inashuka, yakiinuka inapanda. Gazeti linasema nyambizi iliyopimwa vizuri haizami wala haielei, inaning'inia tu katikati ya maji. Nilipofika hapo nikashindwa kula. Ndivyo nilivyo tangu Jumapili. Ee Tusajigwe, nishushe au nipandishe!

Jumapili, 9 Septemba
Ole wangu! Tusajigwe alikuja baada ya ibada, gauni la buluu. Nikamkabidhi pampu, nikamweleza: nikigonga pipa, asukume hewa. Akasema, Andendekisye, usikawie huko chini, nina neno la kukuambia. Moyo nusura unipasuke!
Nikaingia. Madebe yakajaa, nikazama. Raha iliyoje! Nikagonga. Hewa haikuja. Nikagonga tena. Kupitia mpira wa kupumulia, uliotokeza juu ya maji, nikasikia kikohozi cha baba, amekuja kutazama. Kisha pampu ikaanguka. Kisha miguu ya Tusajigwe, mbio! Ameniacha!
Nilisali, nikalia, nikawasamehe watu wote isipokuwa Eliezeri. Maji yalipoanza kuvuja ndani nikasukuma kifuniko kwa kichwa, nikasimama. Yakanifika kiunoni.
Baba alikuwa ukingoni, anacheka peke yake mpaka machozi. Akasema kesho anaanza kutafuta ng'ombe. Ng'ombe wa nini, wa kuvuta pipa? Nimeshatoka!

Jumatatu, 10 Septemba
Sijalala. Shemeji Damari anasema Tusajigwe alijificha migombani, khanga usoni, mpaka baba alipoondoka. Pampu ilimtisha kiasi hicho? Shemeji anapiga vigelegele jikoni, hana hata huruma. Eliezeri naye kaja kuchukua pampu yake. Kanipa mkono, kanigeuzia mgongo, kaondoka akiikokota baiskeli. Dharau tupu!
Na jibu langu bado sina. Namtamani mpaka kifua kinauma. Laiti angenipa hata ishara moja!
Ila kosa nimeligundua. Alikuwa peke yake pale ukingoni, akaingiwa na hofu. Jumapili ijayo naipeleka nyambizi Ziwa Masoko, kwenye kina cha kweli, na nimemwomba baba akae naye bega kwa bega tangu mwanzo, amshike mkono ikibidi. Baba amecheka mpaka kiko kimemdondoka.
Safari hii hatakimbia.