Varna Haiwezi Kuwa Mwendo wa Saa Tano kutoka Sofia

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni Bogomil Tenev wa hapa Varna, mstaafu wa kazi ya barabara na msomaji wako kwa miaka thelathini. Juzi, ukurasa wa nne, mlichapa jedwali la safari linalosema kutoka mji mkuu wetu Sofia hadi hapa Varna ni saa moja kwa ndege na saa tano kwa gari. Naomba mlikanushe upesi, maana limemfanya mwanangu aonekane mwongo.

Mwanangu Ognyan anakaa Sofia. Ni mwaka wa nne sasa, kila nikimwuliza lini atamleta mjukuu wangu Kalina, ambaye namjua kwa picha tu, ananijibu: "Baba, ni mbali, wewe hujui tu." Ognyan ni mhandisi. Kati ya mhandisi na gazeti linalotabiri kwa nyota, wewe mwenyewe ungemwamini nani? Malalamiko yangu ni haya:

1. Majirani wamelisoma. Spas wa ghorofa ya chini alikuja nalo mkononi, kalipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akanipa pole kama mfiwa. Tangu siku hiyo napita mlango wa nyuma.

2. Kila Ijumaa mke wangu Rayna humkabidhi Zhivko, dereva wa basi, chupa za achari ya pilipili hoho ampelekee Ognyan. Zinaondoka asubuhi, alasiri ziko Sofia, na hazijawahi kulalamikia mgongo. Chupa tupu nazo hurudi wiki inayofuata. Ognyan harudi. Zhivko kaniambia mbele ya abiria wote, "Mzee Bogomil, mwambie ajibane kwenye chupa tupu, nitakuletea bure."

3. Agosti Ognyan alikwenda kuogelea Ugiriki. Alivuka mpaka kutafuta bahari, wakati mimi bahari naiona nikimenya viazi. Sina neno na Wagiriki. Lakini kama kwao ni karibu na kwetu ni mbali, basi Varna imehama, na nyinyi wanahabari mmelala fofofo.

4. Hiyo saa moja ya ndege ni dharau tupu. Saa moja ndiyo anayotumia Ognyan kunieleza kwenye simu kwamba hana muda.

Kwa hiyo naomba jedwali lichapwe upya, safu mbili. Varna kwenda Sofia, kwa chupa: saa sita. Sofia kuja Varna, kwa watoto wa kuzaa: haipitiki. Mkiona haya, andikeni siku tisa, pamoja na kupumzisha farasi.

Nisalimie wote hapo ofisini, na huyo aliyepima njia mwambie anunue futi nyingine.

Wako katika hasira zenye adabu,
Bogomil Tenev

Tanbihi: Rayna ameisoma kabla sijafunga bahasha. Anasema nisipoongeza haya ataongeza mwenyewe: kwamba yeye huenda Sofia kila Pasaka na kila Krismasi, kwamba Ognyan amenitumia tiketi mara tatu nikazirudisha, nikisema baba hamfuati mtoto, na kwamba jana Kalina alimwuliza bibi yake kwenye simu kama mimi nilishakufa. Tumekata tiketi mbili. Jedwali liacheni kama lilivyo. Na mkiichapa barua hii, isiwe Jumapili. Siku hiyo nitakuwa mezani kwa Ognyan, naye husoma gazeti lako.