Mstari Ulionyooka Kupita Kiasi

Jumatatu, 4 Machi

Roho juu. Profesa kapita maabarani asubuhi, kavua miwani (akivua miwani ujue mtu ataumia), akasema Ijumaa atakuja kuona leza yangu ikitulia saa nzima. Ikishindikana, nirudi stoo kuhesabu skrubu. Stoo! Na mama mkwe ameshautangazia ukoo mzima kwamba mkwe wake ni mtaalamu wa leza.

Leza yenyewe haina adabu. Rangi ya mwanga wake inahama kidogo kidogo, na kazi yangu ni kuifunga isihame. Mwanga unapita kwenye kichupa cha gesi, unaangukia kihisi, kijicho cha kupima mwanga, kihisi kinaiambia saketi leza imekimbilia wapi, saketi inairudisha. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye skrini mstari wa kihisi unatetemeka ovyo.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji, mdogo wa mke wangu, ndiye fundi wa saketi humu maabara. Ndiye pia aliyenipeleka kwa Profesa nikapata kazi, jambo ambalo hajalisema zaidi ya mara mia. Leo kachungulia skrini yangu, kauliza kama nahitaji msaada. Nimekataa. Akinisaidia leo, kesho habari iko mezani kwa mama mkwe.

Nimewaza mwenyewe. Kihisi hakioni vizuri. Asiyeona huongezewa taa. Mbele yake kuna vioo vyeusi vitatu vya kupunguza mwanga. Nani aliviweka, mchawi? Sheria inasema ukigusa kioo uandike daftarini. Nimetoa kimoja tu. Kimoja hakiandikwi.

Jumatano, 6 Machi

Nimetoa na viwili vilivyobaki. Maajabu! Mstari umepanda juu ya skrini na kunyooka kama rula. Nimekaa nikiutazama, nusura nilie. Kisha hofu ikaingia: mbona rahisi hivi? Nikaifukuza.

Shemeji kapita, kakunja uso. Kasema kihisi kimeshiba, shem, mwanga umekizidi, hakisomi kitu tena, kipe kivuli. Nikamwambia wivu haujengi. Akaondoka zake. Nafika nyumbani, mke ananiuliza kwani kihisi kinashibaje. Habari zimefika kabla yangu!

Ijumaa, 8 Machi

Chai nimeiacha mezani. Profesa kaja na kiti chake, kakaa. Dakika arobaini mstari haujasogea. Nikaanza kupumua. Ndipo akanyoosha mkono, akazungusha kitufe cha leza, akaihamisha rangi kusudi. Mstari ukabaki pale pale. Akazungusha tena. Pale pale. Akavua miwani.

Kauliza kwa upole: leza imefungwa wapi, ikiwa inaenda kokote anakoipeleka? Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema labda leza inamheshimu. Hakucheka.

Kaitwa shemeji. Karudisha vioo vyote vitatu. Mstari ukashuka, vibonde vikaonekana pale gesi inapomeza mwanga, leza ikafungika ndani ya dakika kumi. Mstari ukabaki unatetemeka kidogo. Akasema ndivyo kilivyo kihisi kinachoona. Nikangoja kutajiwa stoo. Shemeji akamwambia Profesa kosa ni lake pia, alipaswa kunisimamia. Yeye! Uso uliniungua kwa aibu, na bado niliogopa.

Profesa kanipa nafasi moja ya mwisho. Jumatatu wageni wanakuja kuiona leza. Nikae karibu nayo, nisiguse kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Wageni saa nne. Leza imefungwa, sawa, lakini ule mtetemo! Wageni watatufikiriaje? Shemeji kaenda kuwapokea getini, na mimi nimebaki peke yangu na skrini inayotetemeka.

Nimetafakari kwa makini, maana sasa nimeelimika. Shida ilikuwa mwanga mwingi. Vioo vitatu vimeleta nafuu. Kabatini kuna vingine tisa.

Nimeviweka vyote, kihisi kimepata kivuli chake, giza totoro. Mstari umeteremka hadi chini kabisa ya skrini, ukalala chali, hautikisiki hata chembe. Woga wote umeniisha. Nasikia viatu koridoni. Waje tu.