Profesa na Mstari wa Arobaini

Cheo cha kiongozi wa timu kilikuwa hakijatangazwa, lakini Profesa alikwisha kuhamishia kiti chake dirishani, anapokaa kiongozi. Na nyumbani mama mkwe alikwisha kuambiwa!

Jina la Profesa alijipa mwenyewe. Chuo kikuu alikijua kwa kukipita akienda kwa kinyozi. Majivuno yake yote yalitokana na mashine aliyoitunga ndani ya kompyuta: unailisha programu iliyoandikwa kwa Perl, lugha ya kompyuta, inaichomekea juu mistari sitini ya Profesa, kisha inaiendesha.

Kasoro ni moja. Mistari ikiongezwa juu, ya chini inasukumwa. Kompyuta inalalamikia mstari wa themanini, wewe faili lako lina mistari thelathini tu!

"Kaka, weka basi alama ya kurekebisha hesabu ya mistari," dada wa meza ya pili alimsihi. "Jana nimesaka kosa mpaka macho yakaniuma."

"Dada yangu, kuhesabu mistari ni kazi ya chekechea. Mimi nawaza makubwa!"

Siku ya kuionyesha mashine, bosi, mama asiyecheka ovyo, alikaa mbele kabisa. Profesa akachukua programu kuukuu ya ofisi, akailisha mashine kwa madaha. Kompyuta ikagoma: kosa, mstari wa arobaini!

Profesa hakutetereka. Akafungua faili lenyewe la programu ile ya zamani, akaushukia mstari wa arobaini kama mwewe.

"Mnaona uchafu huu? Aliyeandika hapa ni bure kabisa! Angefuga kuku tu, na kuku wenyewe wangemtoroka!"

Hakuna aliyecheka. Dada wa meza ya pili aliangalia viatu vyake.

"Niliandika mimi," bosi akasema. "Na asubuhi hii ilifanya kazi vizuri. Hebu nipishe."

Aibu iliyoje! Bosi akavuta kibodi, akaweka alama mbili. Moja juu ya mistari ya Profesa, kuipa jina la mwenyewe. Nyingine chini yake, ili faili la zamani lihesabiwe upya kuanzia moja. Akaendesha tena. Kwenye skrini ya ukutani, mbele ya watu wote, pakatokea:

"Kosa: PROFESA, mstari wa arobaini."

Namba ile ile. Mwenye nayo tu ndiye aliyejulikana.

Jioni dada wa meza ya pili alikuwa dirishani, na kiti cha Profesa kimerudi kilikotoka, ubavuni mwa choo. Simu ya Profesa ikaita: mama mkwe.

"Shikamoo, mama," akanong'ona.

"Marahaba, kiongozi wangu! Vipi huko dirishani, upepo upo?"

Kabla hajajibu, nyuma yake mtu akavuta maji ya choo.