Hema Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Kimandolu nzima hakuna mtu anayejua kupiga kambi kama mume wangu, Elifuraha. Nina hakika na hilo, maana amenieleza mwenyewe mara nyingi, na mara zote alikuwa amekaa kwenye sofa.

Ujuzi huo aliupata ujanani, alipomsindikiza rafiki yake mpagazi kwenda Mlima Meru. Alimsindikiza mpaka getini, akarudi. Lakini ukimsikiliza leo utadhani mlima ulikuwa bonde mpaka yeye alipofika akaunyanyua.

Basi likizo ya shule ilipofika, akatangaza kwamba familia inakwenda kupiga kambi kwenye bustani mpya ya michezo, kule nyuma ya mlima, Oldonyo Sambu. Kuna bembea kubwa, treni ya watoto, mteremko wa maji, na juu kabisa uwanja wa kulala kwenye mahema. Watoto wetu, Brian na Princess, waliruka mpaka wakavunja kikombe. Mimi niliuliza habari za baridi, fisi, nyoka na choo, kwa mpangilio huo. Akanijibu kwamba wasiwasi wangu peke yake ungejaza hema.

Kabla hatujafunga mizigo, alianza kutuma vidokezo kwenye kundi la wazazi wa darasa la Brian. Familia inayojua kambi haibebi mablanketi, kwa sababu hema hutunza joto la miili. Familia inayojua kambi hukaa sehemu ya juu, ipate mandhari. Wazazi wenzetu wakamtumia madole gumba, naye akayapokea kama mheshimiwa anayepokea saluti.

Sasa kulikuwa na jambo moja lililoninyima usingizi. Oldonyo Sambu ndiko alikoolewa Shangazi Marta, dada wa baba yake Elifuraha, aliyemlea tangu akiwa mtoto. Kwa watu wetu, ukipita kwa shangazi yako bila kuingia kusalimia, umemtukana. Ukilala jirani na kwake halafu usilale kwake, bora ungemtukana tu.

Na huu haukuwa wakati wa kumuudhi. Jumapili ya wikendi hiyo hiyo ya kambi ukoo ulikuwa unakutana kwake kuchagua mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti yake wa mwisho, na kila mtu anajua kwamba kiti anakitoa yeye. Elifuraha alikitaka kiti hicho kuliko chakula. Tangu mwezi uliopita, hata akiomba chumvi mezani alikuwa anaanza na "ndugu wajumbe".

Nikamshauri tupite japo kwa nusu saa. Akasema shangazi hana nusu saa; atachinja mbuzi, tutashinda pale mpaka jioni, na hatatuacha tulale nje. Hapo alisema kweli. Kisha, mbele yangu, akampigia simu na kumwambia kwamba yuko Dodoma kwenye semina, atarudi Jumapili moja kwa moja kwenye kikao. Shangazi akamwombea safari njema.

Tulifika Ijumaa mchana. Watoto wakakimbilia bembea, na mume wangu, mkuu wa kambi, akapanda na hema lake mpaka kona ya mwisho juu, penye mandhari. Hema lilikuwa la kuazima kwa dereva mmoja wa watalii, na nguzo yake moja haikuwepo. Akaweka mpini wa ufagio. Lilisimama, ila lilisimama kama ng'ombe anayefikiria kulala.

Mimi nilikwenda kuangalia ua, maana huwa naangalia nyua. Ng'ambo ya waya nikaona nyumba yenye bati jekundu. Nyumba za bati jekundu ni nyingi. Lakini pembeni yake palikuwa na tenki la maji lisilo na mfuniko, limefunikwa kwa sinia la maua ya waridi. Sinia hilo nalijua. Nilimpa Shangazi Marta mwenyewe, Krismasi.

Nikarudi mbio. "Baba Brian, tumepiga kambi uani kwa shangazi."

Alichungulia mara moja, akasema masinia ya maua yamejaa soko zima, na kwamba yeye nyumba ya shangazi yake anaijua kwa njia ya mbele. Nikamwomba tushuke upande wa chini, nyuma ya choo. Akaniuliza kama nimewahi kuona mtu aliyepata mandhari nyuma ya choo.

Baridi ya usiku ule sitaki kuisimulia. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimeficha mablanketi chini ya masufuria, tukajifunika mimi na watoto, na mtaalamu akabaki na joto lake la mwili. Asubuhi nilimkuta nje amejitanda kitambaa cha meza mpaka kichwani, amechuchumaa, anapuliza kuni mbichi ili tupate chai. Uso ulikuwa wa masizi. Nyuma yake hema lilikuwa limeshaamua kulala. Watoto walikuwa wamekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wanakula ugali wa jana.

Hapo ndipo Shangazi Marta alipotokea ng'ambo ya waya, na mabuti yake ya mvua na ndoo ya maziwa.

"Eli?"

Mume wangu aligeuka polepole sana. "Shikamoo, shangazi."

Shangazi akausogelea waya. Aliangalia kitambaa cha meza, akaangalia hema, akawaangalia watoto na ugali wao. Macho yakaanza kujaa machozi.

"Mwenye nyumba amewatoa lini?"

"Shangazi..."

"Ndiyo maana ukaniambia uko Dodoma. Ulikuwa unaona aibu, mwanangu. Kwangu mimi niliyekulea!"

Nilimwangalia Elifuraha akihesabu njia zake, nazo zilikuwa mbili tu. Ama aseme amefukuzwa nyumba, ama aseme ana nyumba nzuri tu, ila amependa kulala chini ya pua ya shangazi yake kuliko kumwamkia. Ya kwanza ingemfanya maskini. Ya pili ingemfanya asiwe mtoto wa mtu.

Princess akaona aisaidie familia. "Bibi, hapa hatulali bure. Tumelipia."

Shangazi akaweka ndoo chini. "Mnalipishwa hata kulala kwenye majani?"

Mume wangu akafuta masizi kwa kona ya kitambaa. "Tumepata shida kidogo, shangazi," akasema. "Sikutaka kukusumbua."

Jamani, kumbe huko vijijini habari haihitaji mtandao. Kabla chai haijachemka, Mzee Lerionka, mume wa shangazi, alikuwa ameshafungua waya, na nyuma yake majirani wanakuja na gunia la mahindi, maharage, suruali tatu za mtu mnene na godoro kichwani. Mzee wa kanisa akatuombea sala ndefu, akiwataja wasio na makazi duniani kote na kumalizia na sisi. Waliopanga foleni ya bembea wakaacha foleni, wakaja kuinamisha vichwa. Mama mmoja akavua sweta yake, akamvika Princess. Elifuraha aliitikia "amina" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu anayeomba chumvi bila wajumbe.

Tukahamishiwa kwa shangazi. Mbuzi akachinjwa. Watoto walishinda wanapita kwenye ile nafasi ya waya kwenda kwenye bembea na kurudi kula nyama, na mpaka leo wanasema hiyo ndiyo kambi bora kuliko zote. Jioni mwenye nyumba wetu wa Kimandolu akanipigia simu, amekasirika, anataka kujua amemfukuza nani.

Jumapili ukoo ukakaa. Elifuraha alikuwa amevaa moja ya zile suruali, ameishikilia kwa mkono, kwa sababu ya kwake bado ilikuwa inanuka moshi. Shangazi akasimama, akasema uenyekiti wa kamati apewe Efraimu, binamu yake Eli, kwa kuwa ana utulivu. Kuhusu Eli, akaomba familia yake isidaiwe mchango wowote wa harusi mpaka itakaposimama tena. Watu wakapiga makofi ya huruma, yale ya taratibu. Katika ukoo ule hakuna mtu aliyewahi kusamehewa mchango akiwa hai.

Mume wangu hakuweza kuvumilia. Akanyanyuka. "Ndugu wajumbe..."

"Kaa, mwanangu," shangazi akamwambia kwa upole. "Pumzika."

Lakini Efraimu alimwonea huruma. Akasema si vizuri ndugu yao akae bila jukumu siku ya harusi, na kwa vile amezoea mambo ya mahema, labda asimamie maturubai ya wageni.

Nikamwona Elifuraha anainua kichwa kidogo. Kilikuwa cheo, hata hivyo.

Mzee Lerionka, ambaye ndiye aliyetukunjia hema letu asubuhi ile na kuuchomoa mpini wa ufagio, akakohoa.

"Maturubai hapana," akasema. "La kwake nimeliona. Apange viti."