Chuma au Mbio

Asubuhi hiyo Profesa alikuwa ameegesha pikipiki yake kwenye kona, akitafuta mtu wa kumtapeli kwa utulivu uleule ambao wenzake hutafutia kazi, aliposikia matusi. Kwa mtu wa fani yake, matusi ni kama harufu ya mkate kwa mwenye njaa. Akageuza shingo.

Palikuwa na jengo moja pana lenye milango miwili, mmoja ukitazama barabara hii na wa pili ukitazama barabara ile. Juu ya mlango wa kwanza paliandikwa kwa rangi nyekundu: MBIO NI ZA MWIZI. MAFUTA YA MWILI HUKATWA KWA CHUMA. Juu ya wa pili, kwa kijani: VYUMA WAACHIENI MAFUNDI WA MAGETI. MAFUTA HUYEYUKA KWA MBIO. Na pale kwenye kona, wenye milango yao walikuwa wamekabiliana.

"Unawakimbiza watu juu ya mkanda unaozunguka," alifoka mwanamume mfupi, mpana kama kabati la milango miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Nondo. "Saa nzima wanakimbia, wakishuka wako palepale! Hayo mazoezi au adhabu?"

"Wangu angalau wanatoka jasho!" alijibu mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekuwa akirukaruka hata akiwa amesimama. Huyo ni Mama Kasi. "Wako wanainua kitu, wanakirudisha kilipokuwa. Hao ni wapagazi wasiolipwa!"

Watazamaji ishirini hivi, nusu wakiwa na taulo shingoni, wakashangilia kila mtu upande wake. Profesa akavaa miwani yake. Vita vya panzi, alijiambia, furaha ya kunguru.

Tuwe wakweli kuhusu kunguru huyu. Hakuwahi kufundisha, na walimu waliojaribu kumfundisha walikata tamaa mapema. Uprofesa alijipa siku alipookota ile miwani kwenye kiti cha basi, yenye vioo vitupu visivyosaidia macho ya mtu yeyote. Aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele ilhali kichwa chake kinang'aa kama sahani. Alipoulizwa, alijibu kwa huzuni kwamba aliwagawia wengine hadi chupa yake mwenyewe akaikosa. Siku hiyo alimaliza mzigo wote.

Alianza na Nondo. Ndani mlinuka kutu na dawa ya kuchua.

"Mimi ni Profesa wa mafuta," alisema.

"Ya taa au ya kupikia?"

"Ya tumbo, ndugu yangu. Nimesikia ugomvi wenu nikaumia. Kwa nini mgombane wakati sayansi ipo? Tuandae shindano. Wanene wawili, wiki nane. Mmoja anyanyue vyuma, mwingine akimbie. Kila mwenye ukumbi aweke dau kwenye sanduku. Atakayeshinda achukue lote, na aliyeshindwa apake ukutani kwake maneno ya mwenzake."

Nondo alikuna kidevu. Macho yakamng'aa, na Profesa aliyaona yaking'aa. Alichokosa kujiuliza ni kwa nini.

Kwa Mama Kasi mambo yalikwenda vizuri zaidi, kisha yakaenda vibaya. Alikubali shindano, akakubali dau, akakubali Profesa awe mtunza sanduku siku ya hukumu. Halafu akamzunguka mara moja, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mtunza sanduku bila dhamana? Utaweka pikipiki yako. Tutaandikiana. Ukitoroka shindano, au ukitoroka na sanduku, pikipiki ni yetu sisi wawili."

"Bila shaka," alisema Profesa, ambaye kusaini karatasi hakujawahi kumzuia kufanya lolote.

"Na mkimbiaji wangu nimekwishampata." Akamgusa kitambi kwa kidole kimoja. "Ni wewe."

"Mama, mimi ni msomi!"

"Kitambi hakiulizi vyeti. Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Mtu wa kunyanyua vyuma alikuwepo tayari. Ni shemeji yake Profesa, mume wa dada yake, mtu mnene, mpole, muuza magodoro, kazi iliyomruhusu kulala dukani na kuita huko kulala maonyesho ya bidhaa. Kwa miaka sita alikuwa msaidizi wa Profesa katika kila mpango.

"Nusu kwa nusu, shemeji," Profesa alimwahidi. "Siku ya hukumu, watu wakianza kubishana, nabeba sanduku, natokea mlango wa nyuma. Wewe uwe na pikipiki inanguruma. Tunayeyuka."

"Nusu ya nini?" aliuliza shemeji. Nusu alikwishapata nyingi: nusu ya lawama, nusu ya kipigo, na mahabusu ya siku nzima ambayo haikugawanyika.

"Ya kila kitu! Wewe gunia, hukunielewa?"

Gunia. Ndilo jina alilomwita tangu siku ya harusi.

Basi shindano likaanza. Bahasha mbili zikatiwa sandukuni mbele ya mashahidi, sanduku likafungwa kwa kufuli mbili, likatiwa ghalani kwa Nondo chini ya vyuma ambavyo Profesa asingeweza kuvisogeza hata kwa dua. Hakukuwa na njia ya mkato. Mtu ambaye hakuwa ameliona jua likichomoza tangu utoto sasa alilipokea kila siku akiwa juu ya mkanda, ulimi nje, huku Mama Kasi akiwa pembeni na filimbi.

"Nimefika wapi?" alihema siku ya kwanza.

"Hujafika popote. Ongeza."

Alimnyima soda. Alimnyima chipsi. Siku alipomkuta nazo mfukoni, zimefungwa kwenye gazeti, alimwambia akimbie mpaka gazeti lilowe. Lililowa. Profesa, ambaye alikwishawalaghai mawakili wawili na askari mmoja wa trafiki, alijikuta akiogopa filimbi.

Kila Jumamosi wote wawili walipimwa mizani mbele ya umati, na umati ulizidi kukua. Watu walivaa nyekundu au kijani. Waliokuwa kwa Nondo walijiandikisha pia kwa Mama Kasi, ili wajionee wenyewe jinsi kule kulivyo upuuzi. Wa Mama Kasi nao walikwenda kunyanyua vyuma, wapate ushahidi. Wajinga ndio waliwao, alijisemea Profesa akikamua fulana yake. Hakuhesabu aliwaye ni nani.

Shemeji naye, upande wa pili wa ukuta, alibadilika. Wiki ya kwanza alichuchumaa na chuma mabegani, ikabidi watu watatu wamwinue. Wiki ya tano alibeba godoro kubwa peke yake hadi ghorofa ya tatu, na mteja akampigia makofi. Nondo alimwita "bwana". Bwana, ongeza kilo tano. Bwana, leo umetisha. Akaanza kutembea kifua mbele, akaanza kunyamaza.

"Gunia linapungua, eh?" Profesa alimtania Jumamosi moja.

Shemeji hakucheka. Profesa alidhani ni njaa.

Siku ya hukumu ukumbi wa Nondo ulifurika hadi watu wakakaa juu ya benchi za vyuma. Sanduku liliwekwa juu ya kiti, likakabidhiwa kwa Profesa kwa heshima zote. Wakapanda mizani. Profesa: kilo nane zimeondoka. Shemeji: tano tu.

Upande wa kijani ulilipuka. Mama Kasi aliruka hadi karibu aguse taa.

"Ngojeni!" Nondo alipaza sauti. "Mizani ni mjinga! Haijui nyama, haijui mafuta, inajua uzito tu! Leteni utepe!"

Utepe ukaletwa. Kiuno cha shemeji kilikuwa kimepungua inchi tano. Cha Profesa, tatu.

"Mnaona?" Nondo alimshika Profesa mkono, akauinua kama mtu anayeonyesha samaki wa jana. "Mafuta yametoka, ndiyo, na misuli imefuatana nayo! Tazameni miguu hii. Hii ni miguu au spoku za baiskeli?"

"Kilo nane ni kilo nane!" walipiga kelele wa kijani.

"Tumbo ni tumbo!" walijibu wa nyekundu.

Taulo zikaanza kuruka. Shemeji akajipenyeza nje, kama walivyopanga. Profesa alisubiri hadi Nondo na Mama Kasi waliposhikana mashati, ndipo akakwapua sanduku, akapita ghalani, akausukuma mlango wa nyuma kwa bega, akijiandaa kupokewa na uchochoro na mngurumo wa pikipiki.

Alipokewa na jiko.

Lilikuwa jiko la nyumba ya watu. Meza yenye kitambaa cha maua, birika linachemka, sare za shule zimekunjwa juu ya kiti. Kwenye kamba moja, fulana nyekundu ya Nondo ilianikwa ubavuni mwa bukta ya kijani ya Mama Kasi. Ukutani palitundikwa picha ya harusi. Bwana harusi alikuwa mpana kama kabati. Bibi harusi alikuwa mrefu, na hata kwenye picha alionekana kutaka kukimbia.

Na mezani alikuwa ameketi shemeji, anamenya yai.

"Kaa, shemeji," alisema. "Chai iko tayari."

Mlango wa pili, unaotokea upande wa mbio, ukafunguka. Akaingia Mama Kasi akijipepea, na nyuma yake Nondo, shati limechanika kifungo.

"Leo umenivuta kwa nguvu sana, mke wangu," Nondo alilalamika.

"Umati ulikuwa mkubwa, baba watoto. Nitakushonea."

Profesa alitazama mmoja, akatazama mwingine. Miwani ikamteremka puani.

"Ninyi... mume na mke?"

"Miaka kumi na minne," alisema Mama Kasi, akamimina chai. "Tulipofungua ukumbi mmoja wenye vyuma na mashine za kukimbilia, tulikuwa na wateja tisa. Tukajenga ukuta katikati, tukaanza kutukanana. Watu hawapendi kulipia mazoezi, Profesa. Wanapenda kulipia upande."

"Wewe ulipokuja na shindano," Nondo aliongeza kwa shukrani ya dhati, "tulikuona kama malaika. Kwa wiki nane umetujazia kumbi zote mbili."

Profesa alikumbatia sanduku. "Lakini hili ninalo mimi."

Nondo akamrushia funguo mbili. Profesa akafungua. Ndani mlikuwa na bahasha mbili, na ndani ya kila bahasha kadi ya uanachama wa mwaka mzima: moja ya vyuma, moja ya mbio. Zote ziliandikwa kwa mwandiko mzuri: Profesa.

"Pikipiki yako imelipia," alieleza Mama Kasi. "Umetoroka na sanduku. Ulisaini."

Profesa akamgeukia shemeji. "Ulijua?"

"Tangu wiki ya tatu. Nilifuata harufu ya mayai." Shemeji alifuta vidole taratibu. "Nilitaka kukwambia. Jumamosi ile nilikuja nikiwa nimekwishaamua. Ukaniita gunia mbele ya watu wote, ukacheka." Akachukua yai jingine. "Kuanzia Jumatatu nafundisha wanaoanza. Dada yako anajua. Amefurahi."

Profesa, mtu aliyewahi kuuzia vipofu kalenda, aliliweka sanduku mezani, kadi zikiwa ndani. Akainywa chai akiwa amesimama, kwa kuwa angalau hiyo ilikuwa ya bure, akatoka kwa mlango wa mbele.

Nje foleni mbili zilikuwa zimeuzunguka ukuta, kila moja ikizomea nyingine. Dirishani Nondo na Mama Kasi walikuwa wamekwisharudi kazini: Mama Kasi alimwita Nondo mzigo, naye Nondo akamwita upepo. Jamaa mmoja mwenye tumbo la heshima alimdaka Profesa shati.

"Wewe uliyekuwa ndani ya mambo! Kabla sijatoa pesa yangu, niambie ukweli. Chuma au mbio?"

Profesa alizitazama foleni. Hakuwa na pikipiki, hakuwa na msaidizi, hakuwa na cha kuuza. Na hapo, pengine kwa uchovu, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini.

"Vyote viwili," alisema. "Nyanyua, kimbia, na upunguze kula. Basi."

Yule jamaa akamwachia shati polepole. Akamtazama kuanzia upara hadi viatu, akawageukia wenzake.

"Nilijua tu," alisema kwa uchungu. "Tapeli huyu."

Akarudi kwenye foleni kabla hajapitwa.