Maswali Niliyomuuliza Punda

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Mambo mabaya. Mama mkwe ameshaamua. Khalid wangu, kitovu kimedondoka juzi tu, Alhamisi anatahiriwa zahanati! Halafu Jumamosi yeye arudi kwao Madogo roho yake imetulia. Yangu je?

Mimi nilitahiriwa mkubwa, na wenzangu, nikijua naenda wapi. Dini sibishani nayo, siku yake itafika. Lakini sasa eti ni afya, lazima akiwa mchanga. Eti ugonjwa wa mkojo, kansa, ukimwi. Ukimwi! Mtoto hata shingo haijakaza!

Kumwambia siwezi. Kwetu mtu haongei na mama mkwe, wala hamtazami. Akipita naangalia ukuta. Mke wangu Bahiya naye yuko nyuma ya pazia na uzazi wake, mamake kando kutwa.

Lazima nipange.

Jumanne, tarehe 3

Nimepeleka maji zahanati na punda. Daktari Randu alikuwa peke yake. Jasho! Nikamwambia kuna rafiki yangu ana mtoto. Akauliza huyo rafiki pia anabeba maji?

Nikauliza hivyo hivyo, macho kwenye mitungi. Akasema ugonjwa wa mkojo upo kweli, lakini katika watoto mia ambao hawajakatwa, pengine mmoja ataupata mwaka wa kwanza, na dawa yake ipo. Kansa hiyo ni ya wazee, tena haionekani sana. Ukimwi, faida ipo, lakini ni kwa mtu anayelala na wanawake, na hata huyo bado atumie kondomu. Nikauliza basi mbio za nini? Akasema mchanga hupona haraka. Nikauliza akingoja akue, atakufa? Akakuna kichwa. Akasema hapana, hiyo ni juu ya wazazi.

Wazazi! Si ndio mimi! Nimerudi naimba. Mitungi nimeisahau huko huko.

Jumatano, tarehe 4

Mpango wa kwanza. Nimefunga punda chini ya dirisha la mama mkwe, nikamuuliza punda, kwa sauti, kama anajua kansa hiyo ni ya wazee. Kama amewahi kuona mtoto mchanga ameenda kutafuta wanawake.

Halafu nikamsikia mama mkwe anamwambia mtoto: Khalid, babu yangu, muulize huyo punda udaktari amesomea wapi.

Shemeji Mansur, kakake Bahiya, alikuwa anapita na pikipiki. Amesikia yote. Kufika jioni steji nzima ya pikipiki wananiita daktari wa punda. Mansur ndiye kidomodomo. Mtoto wake alitahiriwa mchanga, eti hata hakulia. Uongo. Nilikuwa nje siku hiyo na maji. Kilio kilifika mpaka kwa punda.

Mpango wa pili. Nimemwambia punda tena, kwa sauti, mtoto ana joto, asiende. Mama mkwe akasema kumbe, uchafu huo ushaanza, twende mapema zaidi. Kwake kila ugonjwa dawa ni wembe ule ule!

Sijala.

Alhamisi, tarehe 5

Naandika yote.

Asubuhi Mansur anapiga honi nje. Nikasikia maji bafuni, nikajua mama mkwe anaoga. Nyuma ya pazia kivuli kimempakata mtoto, leso ya kijani ya Bahiya kichwani. Sasa au basi! Nikasema yote. Maneno ya Randu moja moja. Nikasema sikatai sunna, nataka akue, ajue, nimshike mkono. Nikasema naogopa mpaka silali. Nikasema hata mama yako si ugonjwa unaomkimbiza, ni basi la Jumamosi!

Bahiya akatoka bafuni. Kichwa wazi, maji yanamchuruzika.

Ya Rabi! Nimeongea na mama mkwe! Uso kwa pazia!

Nilikimbia mpaka mtoni. Punda akanifuata.

Jioni Bahiya alinituma mtu, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Mansur alikuwa ameenda zake, kiti cha pikipiki kitupu. Bahiya akanieleza mamake amesema kumbe huyu ana mdomo, yeye alidhani naongea na punda tu. Amesema haraka yake ilikuwa hofu: baba anayeangalia ukuta siku zote, atamshikilia nani mtoto siku ya kukatwa? Sasa mtoto angoje. Lakini siku hiyo nitamshika miguu mimi mwenyewe.

Nikakaa chini. Bahiya akasema hata yeye hakutaka. Alikuwa anangoja niseme. Kumbe neno lilitosha!

Jumapili, tarehe 29

Balaa. Jumatano ni arobaini. Mama mkwe anarudi kumnyoa Khalid nywele. Kwa wembe! Juu ya utosi ule unaodunda!

Mkasi hautoshi? Bahiya ameniambia niende nikae nje ya pazia niseme tu, si nishazoea. Eti mamake ananiulizia kila akipiga simu.

Hapana. Safari ile ilikuwa bahati. Nyembe zote za nyumbani nimezifukia bandani. Mansur akiuliza, ni mbuzi amekula. Na punda nimemsogeza tena chini ya dirisha. Nimeanza kumweleza habari za utosi.