Mgongo Wangu Juu ya Ruwenzori

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Kanoni.

Habari njema! Gari la sinema linakuja Jumamosi, na picha yenyewe ni ile ya mlima wa theluji. Mlima wangu! Miaka minne nimesimulia jinsi nilivyofika kileleni Ruwenzori, na miaka minne Kanoni nzima imenicheka. Hata mke wangu, Kokushubira, nikienda kukata kuni huniuliza kama nimejifunika vizuri, maana huko kichakani kuna barafu.

Na wakati ni huu huu. Mkuu wa kijiji amefariki, na Mwami wa gombolola, mtawala wa tarafa yetu, atamtangaza mwingine Jumapili. Tunaokitaka cheo ni wawili: mimi na Desderius. Desderius! Tulibeba pamoja mizigo ya Bwana Mrefu, mzungu wa ile picha. Yeye aliishia kambi ya kwanza, akabaki kusugua masufuria. Mimi nilipanda hadi juu. Sasa watu wataona kwa macho yao, na Mwami ataona pia.

Jumatano, 5 Agosti.

Niuandike ukweli hapa, maana watu hucheka kabla sijaumaliza. Siku ya kilele Bwana Mrefu aliumwa. Alitapika hemani tangu alfajiri, hata kufunga viatu hawezi. Mwenzake wa kamera akaona mawingu yanakuja. Akanivisha mimi koti la Bwana, miwani yake myeusi, skafu hadi puani. Akasema nipande, atanipiga picha kwa nyuma. Nikapanda. Akaniita nirudi, nipande tena. Mara tatu! Koti niliahidiwa liwe langu. Nilivuliwa kabla hatujafika kambini, nikapewa kopo la jamu. Tena lilikuwa limeshaliwa nusu.

Lakini mimi si mjinga. Kule juu nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu, kama tunavyomwamkia Mkama, mfalme wetu. Mzungu gani anajua hilo? Ile ndiyo sahihi yangu. Jumamosi wataisoma wote.

Alhamisi, 6 Agosti.

Pombe! Mkuu wa kijiji mtarajiwa hawezi kualika watu na makoo yao makavu. Ndizi zangu hazitoshi mtungi mmoja, kwa hiyo nilikwenda kwa mama Deodatha. Mwanawe Placidius alikuwa mpagazi mwenzetu. Baridi ilimwua kambi ya tatu, tukamfukia kwa mawe. Nilimwambia mama kwamba keshokutwa atamwona mwanawe akitembea.

Aliinuka papo hapo. Alinifungulia shimo lake la ndizi mbivu, zote, alizoziweka kwa harusi ya bintiye. Kisha akaniuliza kama Placidius atakuwa amevaa lile shati la kijani. Nikasema ndiyo. Sikumbuki shati lolote. Ndizi zimekwisha kukamuliwa, na mtama nimetia. Kokushubira hajaniangalia usoni tangu mchana.

Jumamosi, 8 Agosti.

Nina hasira! Giza lilipoingia walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la kahawa. Mwami alikaa kitini, mimi nyuma ya sikio lake kabisa. Karani wa gari la sinema, Cassian, Mhaya wa Bukoba, alitafsiri Kiingereza kwa kipaza sauti.

Mizigo ikapita. Mizigo tu! Masanduku yanatembea, chini yake miguu. Cassian akasema hao ni wapagazi hodari, basi, akahamia kwenye mawingu. Kisha ukaja uso mmoja, ukajaza shuka zima, unacheka, meno yote nje, mkononi sufuria. Desderius! Wanawake walipiga vigelegele. Mwami alimtafuta kwa macho gizani, akampungia mkono. Kwa sufuria!

Nikavumilia. Zamu yangu inakuja. Ikaja! Theluji, upepo, mgongo wangu. Nikapiga magoti pale juu. Nikapiga makofi. Nikaruka kutoka nilipokaa, nikapaza sauti kwamba ni mimi, waitu, mabwana zangu, tazameni makofi! Cassian akatangaza kwamba Bwana Mrefu amefika kileleni na anamshukuru Mungu. Watu walishangilia hadi mbwa wakabweka. Mwami akasema mbele ya wote kwamba mzungu huyu ana adabu sana, amekaa na watu wetu hadi amejifunza kumwamkia Mkama. Mimi akaniambia niketi, ninamzibia.

Placidius hakuonekana hata kidogo. Mama Deodatha aliendelea kulitazama shuka mpaka likakunjwa. Akaniuliza kama kuna kipande kingine. Nikamwambia labda kimesahauliwa Bukoba. Nimeona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumapili, 9 Agosti.

Desderius ndiye mkuu wa kijiji. Mwami alisema mtu ambaye sura yake inajulikana mpaka Ulaya ataheshimiwa hata na wakorofi wanaokwepa kodi. Walisherehekea kwa pombe yangu. Desderius alinishukuru kwa moyo, na hilo liliniuma kuliko yote. Kokushubira ndiye aliyemmiminia.

Alhamisi, 13 Agosti.

Cassian amepita tena na gari lake. Bwana Mrefu anarudi mlimani Januari kwa picha ya pili. Magoti yake yamechoka, na yule wa kamera ameulizia kwa barua yule mtu mwenye mgongo mzuri. Mimi! Ameniulizia mimi! Koti nimeahidiwa tena.

Kokushubira amesema nikienda nisirudi. Mama Deodatha amekuja na ombi moja tu: nikifika kambi ya tatu, nimwongezee Placidius jiwe moja. Nimemwambia nitajitahidi, kama hatutakuwa na haraka.

Nimetia sahihi kwenye karatasi ya Cassian. Kosa la safari iliyopita nimeligundua, nimelifikiria siku nne nzima. Makofi yalikuwa ya taratibu mno. Safari hii nitapiga kwa nguvu.